Siwindhe na Uzee katika Nyanza Kusini
Katika nchi ya Waluo ambayo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay, bikizee mjane hakutarajiwa kukaa pweke, kwani nyumba yake, iliyoitwa siwindhe, ilikuwa bweni la wasichana wa boma, ambao usiku walifunzwa humo hadithi, vitendawili na adabu za ndoa, na mchana wakamtekea maji na kumwokotea kuni. Malipo ya haki, bila shaka. Shule za misheni ziliidhoofisha desturi hiyo, na ukimwi ukaigeuza: hata baada ya shirika la matibabu la Médecins Sans Frontières kuanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi mjini Homa Bay mwaka 2001, nyanya wengi waliendelea kulea wajukuu yatima, wakilima na kuteka maji wenyewe. Posho ya serikali ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ilifunguliwa mwaka 2018 tu kwa wote waliotimiza miaka 70.