Kofia ya Birika: Kroshe Kati ya Mlima na Karteri

Kiriri iko juu. Ukisimama pale jioni unaona Bujumbura yote chini yako, halafu Ziwa Tanganyika, halafu ng'ambo ile milima ya Kongo ambako wengi wetu tulitoka. Nyumba za Kiriri zina geti, mlinzi na bustani. Wengi wetu tunapanda kule asubuhi kwenda kufua, kupika au kulinda, na jioni tunashuka kurudi karteri zetu. Mwaka jana oda moja ilitoka huko juu, ikaja kwa kundi la vijana ninalofanya kazi nalo: kofia sita za birika, za kroshe. Mabinti waliijua kroshe vizuri. Kofia ya birika hawakuijua. Mmoja akauliza, "Sasa birika nalo linasikia baridi?" Watu wakacheka sana. Lakini nililibeba lile swali, kwa sababu ndani yake kuna historia ndefu, na sisi tumo humo.

Kwanza kitu chenyewe. Kofia ya birika ni kifuniko cha uzi mnene, mara nyingi wa sufu, ule tunaoita leni. Unaanza na mnyororo mdogo, unaufunga kuwa duara, unazunguka huku ukiongeza vifundo mpaka kitambaa kienee juu ya birika. Hapo unaacha kuongeza. Unashuka pande mbili mbalimbali, ili zibaki nafasi mbili: moja ya mdomo wa birika na moja ya mkono wake. Chini unaziunganisha tena. Chai inakaa moto kwa sababu sufu inashika hewa katikati ya nyuzi zake, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Ndiyo hivyo tu, hakuna uchawi.

Waliokianzisha ni watu wenye muda wa kukaa. Katika karne ya 19, Uingereza, matajiri walizoea kunywa chai ya saa kumi na kuzungumza mpaka jua linazama. Anna, mke wa Duke wa Bedford, ndiye anayetajwa sana kwamba aliieneza desturi hiyo kwenye miaka ya 1840. Mtu anayekunywa chai haraka aende shamba hahitaji kofia ya birika. Inahitajika pale ambapo birika linakaa mezani saa nzima na watu wanaongea.

Kroshe yenyewe ina habari nyingine kabisa, na mimi hiyo ndiyo ilinishika. Neno ni la Kifaransa, maana yake kindoano. Mwaka 1845 viazi vilioza Ayalandi, na njaa ikaja. Watu kama milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakaikimbia nchi yao. Wakati huo masista wa Waursulini kule Blackrock, Cork, waliwafundisha wasichana maskini kufuma kwa kroshe. Mwaka 1847, katika mji wa Clones, Cassandra Hand, mke wa mchungaji, alifanya vilevile. Vitambaa vile viliuzwa kwa matajiri wa London na Paris. Familia zilikula kwa kroshe, na wengine walipata nauli ya meli kwenda Marekani. Kumbe kindoano hiki kimeshapita mikononi mwa wakimbizi zamani sana, kabla hakijafika kwetu.

Na si bahati. Anayefuma kwa kroshe anatumia kijiti kimoja tu, na kifundo kimoja tu ndicho kiko wazi wakati wote. Ukiitwa ghafla unavuta uzi kidogo, unaweka mfukoni, unakimbia. Kazi haifumuki. Kikipotea unaweza kutengeneza kingine kwa spoki ya baiskeli, unakunja ncha na kuisugua kwenye jiwe. Tena mpaka leo viwanda havina mashine inayofuma kroshe halisi. Kila kitambaa cha kroshe unachokiona duniani, hata kile cha bei ya chini sokoni, kuna mkono wa mtu uliokifuma.

Hapa kwetu, pande zote za ziwa, sindano na uzi vilikuja na misheni. Masista Wazungu, wale wa shirika alilolianzisha Lavigerie mwaka 1869, walifundisha wasichana kusali, kusoma kidogo, na kushona sana. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Wabelgiji nayo ikaingia. Mwaka 1946 mjini Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, ikaanza Foyer Social. Wanawake wa karteri za chini walikwenda kule kujifunza kushona, kufuma, kuweka viraka, kupiga pasi, kupika na kulea mtoto kwa namna ya Kizungu. Walimu walikuwa wanawake wa Kibelgiji, na chini yao wasaidizi Waafrika. Mwalimu hakuishia darasani. Alifika mpaka nyumbani kwako kutazama umepanga vipi.

Kwa nini serikali ijali kitambaa cha meza? Kwa sababu kitambaa kilikuwa mtihani. Kongo ya Wabelgiji kutoka mwaka 1948 kulikuwa na kadi ya mwananchi mwenye sifa, na mwaka 1952 ukaja uandikishaji wa wale walioitwa "évolués", yaani walioendelea. Mwanamume aliyeomba alichunguzwa hadi nyumbani: anakula na nani, anatumia uma, mke wake anakaaje. Karani alisoma shule, lakini aliyemvusha au kumwangusha alikuwa mke na meza yake. Hata hapa Ruanda-Urundi fikra ilikuwa ileile: mume wa ofisini anahitaji mke wa sebuleni.

Sasa angalia mlima na bonde. Juu Kiriri, katika miaka ya 1950, Wajesuiti walifungua Collège du Saint-Esprit, ambayo majengo yake leo ni Kampasi Kiriri ya Chuo Kikuu cha Burundi. Wavulana waliletwa pale, Waafrika, Wazungu na Wahindi pamoja, wakafundishwa Kilatini na hesabu ili waje kuongoza nchi. Chini katika karteri, dada zao na mama zao wanafundishwa kufuma. Shule mbili ndani ya mji mmoja, miaka ileile. Moja ilikuandaa kutoka nje, nyingine ilikuandaa kukaa ndani.

Na wanawake ambao hawakuwa na mume wa kukaa ndani kwake? Hao serikali iliwatoza kodi. Mwanamke aliyeishi mjini peke yake, awe mjane, awe ameachwa, alilipa kodi ya pekee, na watu mtaani waliielewa kama kodi ya malaya. Buyenzi, karteri ya Waswahili, wanawake Waislamu waliona ni matusi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 waliigomea. Mimi nikisoma habari hiyo naona mikono miwili ya serikali moja: mmoja unakupa sindano ili uwe mke mzuri, mwingine unakudai hela kwa sababu huna mume. Wale wa Buyenzi walijibu mkono wa pili kwa sauti. Mkono wa kwanza ulijibiwa polepole, kwa miaka mingi, bila makelele.

Jibu lenyewe ni biashara. Somo lilisema fuma upambe nyumba ya mumeo. Wanawake walifuma wakauza. Vitambaa vya meza, vya makochi, kofia za watoto wachanga, zawadi za arusi. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962, Wabelgiji wakaondoka, lakini ufumaji haukuondoka. Ukavuka mpaka mara nyingi, kwa sababu watu nao walivuka mara nyingi: mwaka 1964 vita vya Simba vilipowatoa watu wa Uvira na Fizi, mwaka 1972 Warundi walipokimbilia Tanzania na Kongo, mwaka 1996, na mpaka juzi mwaka 2025 watu walipovuka Ruzizi na watoto mgongoni. Leni na kroshe havina uzito. Mama aliyeacha cherehani nyumbani aliweza bado kuondoka na kroshe yake.

Upande wa chai nao ulibadilika. Burundi ilianza kulima chai kwa wingi katika miaka ya 1960, kule Teza kwenye baridi ya Muramvya, halafu Rwegura, Tora, Ijenda na Buhoro. Nyingi inauzwa nje, kwenye mnada wa Mombasa, lakini kikombe cha asubuhi kikawa cha kila mtu. Ila birika halikupata kofia katika nyumba zetu. Termosi iliwahi. Ile chupa ya kuta mbili zisizo na hewa katikati ilitokana na kazi ya James Dewar mwaka 1892, na baadaye zikatujaa madukani zile zenye maua ubavuni. Termosi inashinda sufu mbali sana. Chai ya saa kumi na mbili bado inakuunguza saa sita.

Hata hivyo ingia nyumba nyingi za hapa, au kwenye blendi za kambi za Kavumu na Bwagiriza ambako watu wamejipanga kiasi. Utaona termosi imewekwa juu ya kitambaa cha kroshe, na mara nyingine imevikwa kabisa. Inavikwa nini, wakati joto haliihitaji? Zamani nilidhani ni mapambo ya bure. Sasa nadhani ni tamko. Mama anasema: hapa si pa kupita tu, hapa ni nyumbani, na mgeni akija ataheshimiwa. Desturi iliyoletwa ili mkoloni akukague, yeye anaitumia kumpokea jirani.

Naandika haya kwa sababu mafunzo ya kufuma na kushona yangali yanatolewa kwa mabinti wakimbizi kila mahali, na kuna vijana wanaoyakataa. Wanasema ni kazi ya bibi, sisi tunataka kompyuta. Wana haki ya kutaka kompyuta, na mimi nawatetea. Mabinti wasipewe uzi peke yake wakati kaka zao wanapelekwa chuo, hilo tumeshaliona tayari mwaka 1950. Lakini kuidharau kroshe ni kitu kingine. Kilichokuwa kibaya katika lile somo la Foyer hakikuwa uzi. Kilikuwa kwamba kazi ya mwanamke ilihesabiwa kama tabia njema, wala si kazi. Tabia njema hailipwi.

Kwa hiyo katika kundi letu tuna daftari. Kila anayefuma anaandika saa alizotumia, si leni peke yake. Kofia moja ya birika kwa mkono uliozoea inakula siku mbili. Tulipotaja bei ya zile sita tulitaja na zile siku, na bei ilikubaliwa. Wavulana wawili wameingia kundini tangu wakati huo, wamekuja wenyewe baada ya kuona hesabu.

Nina ombi kwa wasomaji. Bado wapo bibi Buyenzi, Bwiza na Uvira waliokaa kwenye madarasa yale au waliofundishwa na mama zao waliokaa. Wanajua mishono ambayo haiko katika kitabu chochote, na wanajua habari za yule mwalimu aliyekuja kukagua nyumba. Wako wazee sana sasa. Nendeni mkae nao, mchukue kroshe na daftari pia, muandike.