Kutoka reli ya Kindu hadi nyufa za nyuklia

Baron Édouard Empain wa Ubelgiji, ambaye kampuni zake zilijenga metro ya Paris, ndiye aliyeanzisha kampuni ya reli ya CFL nchini Kongo mwaka 1902. Kufikia 1910 reli ya CFL ilikuwa imeunganisha Kindu na Kongolo, ikikwepa maporomoko ya Lualaba. Wazee wa Maniema wanayajua hayo. Kinachosimuliwa kwa nadra ni kwamba katika miaka ya 1970 mjukuu wake, Édouard-Jean, aliongoza kundi la Empain-Schneider, na chini yake ilikuwemo Framatome, iliyounda vinu vya nyuklia vya Ufaransa.

Babu alifanya biashara ya mvuke, na mvuke ulikuwa na maradhi yake. Katika boila za zamani, maji yenye magadi yalijipenyeza kwenye maungio ya ribiti, yakakauka na kuwa makali, kisha bati likapasuka ghafla bila kukonda wala kuonyesha kutu. Ufa wa namna hii hutaka mambo matatu yakutane: metali dhaifu kwa maji hayo, nguvu inayoivuta, na maji yenyewe. Likikosekana moja, haupo.

Wajenzi wa vinu vya nyuklia, waliohitaji nao metali ya kukaa ndani ya maji ya moto, waliichagua aloi 600, yenye nikeli zaidi ya 70%, wakidhani wameyakwepa maradhi hayo. Mwaka 1959 mtafiti Mfaransa Henri Coriou alionyesha kuwa inapasuka hata katika maji safi kabisa, yakipata joto la nyuzi 350. Alibishiwa kwa miaka mingi, hasa na Wamarekani. Septemba 1991, kifuniko cha kinu cha Bugey 3 nchini Ufaransa, kazi ya Framatome, kilivuja. Aloi ilikuwa ileile ya 600.

Tangu hapo swali likawa: ufa utaanza lini? Waweza kulala miaka mingi kabla ya kuanza. Maabara huharakisha mambo kwa kuongeza joto, kisha hukadiria kurudi nyuma hadi joto la kawaida la kinu. Wafaransa walitengeneza hesabu inayozidisha alama tatu, ya metali, ya joto na ya mvuto, ili kupata muda wa kungoja. Mimi naona alama ya metali ndiyo yenye utata: mabomba mawili ya aloi moja, yaliyoyeyushwa siku tofauti, hutofautiana mno, kwa hiyo jibu hutoka kama uwezekano, si tarehe.

Mwishoni mwa 2021 nyufa zikaonekana katika kituo cha nyuklia cha Civaux, Ufaransa, kwenye chuma kisichoshika kutu ambacho hakikutarajiwa kuugua hivyo. Umbo la mabomba na uchomeleaji vilikuwa vimezaa mvuto ambao hesabu hazikuuona. Vinu 12 vikazimwa mwaka 2022. Vipimo vya mawimbi ya sauti vilishindwa kutaja kina cha ufa, ikabidi mabomba yakatwe vipande na kupelekwa maabara.