Kutoka tone la wino hadi mistari miwili

Haya wasomaji, nimekuwa kimya wiki mbili. Nilikuwa nyumbani Biliqo, kaunti ya Isiolo, kwenye msiba wa jirani yetu, mfugaji. Kichwa kilimuuma wiki tatu, akapewa dawa za malaria mara mbili. Hospitali kubwa ilipogundua ni homa ya uti wa mgongo iletwayo na fangasi aitwaye kriptokokasi, muda ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo leo tuache habari za programu kidogo, tuangalie historia ya kumpima fangasi huyu.

Yeye huingia mwilini kwa pumzi, lakini hatari kubwa ni akitoka mapafuni na kufika kwenye ubongo, hasa kwa mtu ambaye VVU vimeshusha kinga yake. Mgonjwa wa kwanza kuandikwa, mwaka 1894 huko Greifswald, Ujerumani, alikuwa naye kwenye mfupa wa mguu. Walioripoti ni Otto Busse na Abraham Buschke.

Kipimo cha zamani ni wino. Maji ya uti wa mgongo hutolewa kwa sindano, yakachanganywa na tone la wino mweusi, kisha yakatazamwa kwa hadubini. Fangasi ana ganda nene la sukari ambalo wino haulipenyi, hivyo huonekana kama duara jeupe gizani. Ni kipimo rahisi, ila utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba hukosa takriban mgonjwa mmoja kati ya saba.

Mwaka 1963 likaja wazo jipya: usimtafute fangasi, tafuta vipande vya ganda lake. Sisi waandishi wa programu tunalielewa hilo. Programu ikianguka, hatusubiri kuliona kosa likitendeka; tunasoma faili la kumbukumbu. Lakini kipimo hicho bado kilihitaji maabara. Mwaka 2011 Marekani ikaidhinisha kijiti kinachofanana na kile cha malaria: tone moja, dakika 10, mistari miwili. Utafiti uleule wa 2014 ulikuta kinawatambua asilimia 99.3 ya wagonjwa. Mwaka 2015 watafiti wa Kampala wakaonyesha kwamba hata damu ya kidole inatosha.

Sasa sikia hili. Utafiti wa Entebbe wa mwaka 2002 ulikuta vipande hivyo kwenye damu siku 22 hivi kabla ya dalili kuanza. Ndiyo maana Dar es Salaam na Lusaka walijaribu kuwapima mapema watu wenye kinga ya chini, pamoja na kuwatembelea nyumbani. Matokeo yakatoka 2015: vifo vilipungua kwa asilimia 28.

Siku 22! Kwa muda huo mtu wa Biliqo anaweza kwenda Isiolo mjini kwa miguu na kurudi. Jirani yetu alianza safari kichwa kikiwa kimeshauma wiki tatu.

Basi, ukiwa na ndugu mwenye VVU na kinga yake imeshuka, mwambie aulizie kipimo hiki kabla kichwa hakijaanza kumuuma. Wiki ijayo tunarudi kwenye programu.