Mlolongo, chifu na masikio ya serikali

Ngaremara iko kwenye barabara itokayo mjini Isiolo kwenda Archer's Post, na wakazi wake wengi ni wafugaji wa Kiturkana. Huko, kama kwingineko mashambani, mtu wa usalama aliyejulikana kwa sura si kachero wa Nairobi bali chifu. Yeye ndiye aliyeitisha baraza, akasikia nani analalamika, kisha habari zikafika kwa mkuu wa wilaya, DC.

Isiolo ilikuwa na mzigo wa ziada. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilizunguka Northern Frontier District, iliyojumuisha Isiolo, ikiuliza wenyeji wanataka kuwa wapi, na wengi, Wasomali hasa, wakataka kujiunga na Somalia. London haikuwasikiliza. Juni 1963 DC wa Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, akauawa, na mwisho wa mwaka vita vya Shifta, vya kujitenga na Kenya, vikaanza. Sheria za dharura zilizofuata ziliihusu Isiolo pia na hazikufutwa hadi 1991. Maoni ya mtu wa kaskazini yakawa suala la usalama.

Kachero wa Nairobi alitoka Special Branch, kitengo cha ujasusi cha polisi chenye uwezo wa kukamata. James Kanyotu aliiongoza kuanzia 1965 hadi 1991, chini ya marais Kenyatta kisha Moi, na wapinzani wakaijua kwa vyumba vya mateso vya Nyayo House. Kura ya mlolongo ya 1988 haikuhitaji hata kachero: wanachama wa KANU, chama tawala, walipanga foleni mchana kweupe nyuma ya picha ya mgombea, maafisa wa utawala wakisimamia. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa amepita bila kupingwa. Nani angejificha hapo?

Mwaka 1997 makubaliano ya kundi la wabunge wa vyama mbalimbali, IPPG, yakapunguza makali ya machifu. Sheria ya 1998 ikaitoa idara ya ujasusi mikononi mwa polisi, ikazaliwa NSIS isiyo na mamlaka ya kukamata. Katiba ya 2010, kifungu cha 239, inakataza vyombo vya usalama kupendelea chama chochote. Hayo ni mabadiliko ya kweli, ingawa mkurugenzi wa NIS, jina la sasa la NSIS, bado huteuliwa na rais, ambaye mara nyingi naye ni mgombea, na Bunge huidhinisha tu. Hapo ndipo udhaifu ulipo, kwa maoni yangu.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Kwa atakayemwona afisa wa NIS akikipigia debe chama, sheria ya 2012 imeunda bodi ya kupokea malalamiko dhidi ya idara hiyo. Aiandikie.