Kazi ni Kulea: Tarehe ya Ushahidi na Mitambo ya Kuchapisha Habari

Atokaye mjini Unguja kwenda Fumba hupita Kiembe Samaki, kwenye ujirani wa uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume. Tangu Agosti 2022 Serikali, kwa mpango wa Silicon Zanzibar, inazikaribisha Fumba kampuni za teknolojia kutoka pande zote za Afrika, na vijana wengi wa mitaa yetu wameingiwa na hamu ya kubuni programu. Hamu hiyo ni njema. Kwa ajili yao naandika tarehe ya Ushahidi, kampuni ndogo ya Afrika Mashariki isiyo ya faida, iliyotunga njia mpya ya kuchapisha habari kwenye intaneti, ikaitunza zaidi ya miaka 15, na ingali hai.

Mitambo ya kuchapisha haikuanza jana kisiwani kwetu. Askofu William Tozer na Edward Steere wa misheni ya UMCA walifika hapa Agosti 1864. Steere akaanzisha kazi ya chapa, na vijana waliokombolewa utumwani wakafundishwa kupanga herufi. Tangu 1888 skuli ya Kiungani, iliyokuwa kusini mwa mji, ilitoa jarida la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, likakoma 1896. Sultani Sayyid Barghash naye, mnamo 1880, aliweka matbaa yake mwenyewe, ikatoa vitabu vya Kiibadhi vilivyosomwa Oman na Afrika ya Kaskazini. Kikubwa kati ya hivyo kilikuwa Qamus al-Sharia, chenye juzuu takriban 90. Barghash alifariki Machi 1888, na Unguja ilichapa sehemu tu ya juzuu hizo. Habari hizi mbili zinatuachia swali ambalo kila anayebuni chombo cha kuchapisha hana budi kulijibu mapema: nani atakishika baada yangu?

Ushahidi ilizaliwa msibani. Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo ya urais yalipotangazwa siku tatu baadaye, nchi ikaingia katika ghasia zilizochukua roho za watu zaidi ya 1,000 na kuwang'oa makwao mamia ya maelfu. Matangazo ya moja kwa moja yalipigwa marufuku. Mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika siasa za Kenya mtandaoni, alipokea taarifa nyingi kuliko alizoweza kuzishughulikia peke yake. Mwanzoni mwa Januari 2008, akiwa amerejea Johannesburg, aliomba hadharani wajuzi wa kompyuta wamsaidie kutengeneza ramani itakayoonesha nini kimetokea wapi. Miongoni mwa walioitika walikuwa Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Kobia alikuwa akiishi Alabama, Marekani, na ndiye aliyebeba mzigo mkubwa wa kuandika programu. Baada ya siku chache tu tovuti ilikuwa hewani.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kuueleza, mzito kuutekeleza. Mwananchi alituma meseji au alijaza fomu mtandaoni: nyumba zimechomwa, barabara imefungwa, hapa watu wanapewa hifadhi. Wapokeaji waliisoma, wakatafuta mahali palipotajwa, wakaulizia kwa wengine, kisha wakaiweka kwenye ramani wakionesha kama imethibitishwa au bado. Upya wa jambo lenyewe ulikuwa hapo. Gazeti husubiri mwandishi wake afike. Hapa hata mwenye kitochi kijijini alihesabiwa kuwa mtoa habari, na kila taarifa ilikuwa na mahali pake na saa yake.

Mwaka huohuo waanzilishi wakafanya uamuzi uliowajengea jina: waliigeuza kazi yao kuwa programu huria, yaani yeyote aichukue bure, aitumie na kuibadilisha kwa haja zake. Ikatumika Afrika Kusini wageni waliposhambuliwa Mei 2008, kisha mashariki mwa Congo mwishoni mwa mwaka. Januari 2009 Al Jazeera waliitumia kuonesha vita vya Gaza. Mwaka huo taasisi ya Omidyar Network ikaahidi dola milioni 1.4, na kilichoanza kwa kujitolea kikapata ofisi na mishahara.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko liliibomoa Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Patrick Meier wa Ushahidi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, wakafungua ramani kwa programu hii. Watu wa Haiti wakapewa namba fupi, 4636, ya kupelekea meseji za kuomba msaada. Meseji ziliandikwa kwa Kikreoli, na Wahaiti waishio ughaibuni wakazitafsiri mchana na usiku ili waokoaji wazielewe. Chombo kilichobuniwa na Waafrika kwa ajili ya Kenya kikawa kinatumika ng'ambo ya Atlantiki, na hilo ni jambo la kujivunia.

Machi 2010 Ushahidi ikasaidia kuanzisha iHub kwenye Ngong Road, Nairobi, mahali pa vijana wa kompyuta kukutana na kufanya kazi. Agosti mwaka huo, Wakenya walipopigia kura katiba mpya, ramani iliyoitwa Uchaguzi ilikusanya taarifa kutoka vituoni, ikarudi tena katika chaguzi kuu za 2013, 2017 na 2022.

Hadi hapa ni tarehe ya kuzaliwa, na wahenga wametuambia kazi ni kulea. Programu ni kama jahazi: lisipokalafatiwa kila msimu huingia maji hata likiwa limefungwa bandarini. Simu hubadilika, wahalifu hugundua mianya, ramani za msingi hubadili masharti, na kila badiliko linadai mtu wa kukaa na kurekebisha. Ushahidi iliandika programu yake upya, na toleo la tatu likatoka 2015. Okolloh alihamia Google mwishoni mwa 2010, Rotich akashika uongozi hadi 2015, na Hersman akaelekea BRCK, kifaa cha kuunganisha intaneti panapokatika umeme. Mwaka 2017 kampuni ilipita katika mtihani mzito wa maadili ndani ya nyumba yake, na uongozi ukabadilika. Tangu 2019 mkurugenzi wake ni Angela Oduor Lungati, aliyekuwa ameitumikia miaka kadhaa kabla ya kukabidhiwa usukani. Kazi imepokezana mikono na haikufa.

Wengi waliochukua programu hiyo hawakuwa na subira ya namna hiyo. Mwaka 2012 shirika la Internews lilichunguza ramani zaidi ya 12,000 zilizofunguliwa kwa Crowdmap, huduma ya Ushahidi iliyomwezesha mtu kuwa na ramani yake kwa dakika chache. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi hazikufikisha hata taarifa 10. Wenyewe walidhani kufungua ramani ndiyo kazi, wakasahau anayepokea simu, anayethibitisha, na anayemjulisha mwenye uwezo wa kusaidia.

Nasi tunayo ya kwetu ya kulea. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na washirika wengine, ilianza mradi wa kupiga picha visiwa vyetu kwa droni. Wanafunzi wa SUZA walifundishwa kuzirusha. Unguja na Pemba zikapigwa picha zote, mapaa ya Kiembe Samaki yakiwemo, na picha zikawekwa mtandaoni azitumie yeyote. Ila picha nazo huzeeka: nyumba zilizojengwa Fumba baada ya hapo hazimo.

Misiba nayo hatukuikosa. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, na Julai mwaka uliofuata MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Jamaa walitafuta habari za wapendwa wao kwa simu za huku na huku. Mtambo wa kukusanya taarifa, kuzithibitisha na kuzichapisha ungewafaa, kwa sharti kwamba umekwisha kuwepo, una watu wake, na namba yake inajulikana Nungwi hadi Makunduchi kabla ya siku ya msiba.

Kwa hiyo kijana wa Kiembe Samaki anayeota kampuni yake Fumba, naye afikirie hili. Anapoandika mpango wake aandike pia jina la atakayeishika baada yake, afungue kazi yake wengine waisome, na atenge fungu la matengenezo tangu mwaka wa kwanza. Na Serikali, inapowagawia wageni viwanja na vibali, iwaajiri na vijana wa SUZA kuwa walezi wa kudumu wa ramani na hifadhi zetu za mtandaoni. Wa kubuni tunao. Tuwalipe na wa kutunza.