Majina ya Mawe ya Shinkolobwe

Mwaka 1915 mwanajiolojia Mwingereza Robert Sharp, mtumishi wa kampuni ya madini ya Union Minière, aligundua urani Shinkolobwe, katika eneo la Katanga nchini Kongo, kilomita kama 20 kutoka Likasi, mji ambao Wabelgiji waliuita Jadotville. Uchimbaji ukaanza 1921. Kilichotakiwa ni radiamu. Mawe yakasafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, yakasagwa. Machache yakaponea mezani kwa Profesa Alfred Schoep wa Ghent.

Schoep alitazama rangi, umbo la fuwele na uzito, kisha akapima kilichomo. Mwaka uleule wa 1921 alitangaza kuriti, sindano nyekundu za rangi ya chungwa, kwa heshima ya Pierre Curie, na kasoliti, iliyobeba jina la Kasolo palepale mgodini. Mwaka 1922 zikaja bekereliti na sodiiti. 1924 sklodowskiti, njano kama limau, ya Marie Sklodowska-Curie. Naye Schoep hakusahauliwa: mwaka 1923 Walker wa Toronto alimpa jiwe lake, skupiti.

Wingi huo una sababu. Maji ya mvua yalipenya kwenye mwamba wa urani, ukashika kutu, na kila yalichokutana nacho njiani, silika, fosfati, shaba, kikaingia katika mchanganyiko. Tena urani yenyewe hugeuka risasi polepole sana, ndiyo maana risasi imo katika kuriti na kasoliti na nyingine nyingi.

Lakini macho hayatoshi. Ianthiniti, ya mwaka 1926, ni zambarau inayokaribia weusi. Hewa ikiigusa, kingo zake hugeuka manjano. Skupiti ikitoka mgodini hung'aa kama kaharabu, halafu ikipoteza maji hufifia na kuwa metaskupiti, aina nyingine kabisa: kibandiko ni kilekile, jiwe silo. Wanaotafuta aina mpya za makangaga ya misituni wanaijua taabu hii, maana majani mawili huweza kufanana kabisa hadi jeni zisomwe. Jiwe halina jeni. Husomwa mpangilio wa atomi zake, kwa eksirei.

Mwaka 1947 Johannes Vaes, mtaalamu wa madini wa Union Minière, alitangaza aina sita kwa mpigo. Bilietiti imesimama: ina bariamu pale bekereliti ilipo na kalisi, ingawa kwa macho mtu huzichanganya kwa urahisi. Diderichiti haikupona. Ilibainika kuwa ni ruthefodini, ambayo Mjerumani Willy Marckwald alikwisha kuipa jina mwaka 1906 kutokana na jiwe la milima ya Uluguru, Morogoro. Katanga ikaipisha Morogoro, na ndivyo haki inavyotaka. Studtiti nayo Vaes aliidhani kaboneti. Mwaka 1974 Kurt Walenta akaonyesha kuwa ni peroksidi. Jambo hilo ni geni kwa jiwe, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mionzi ya urani huvunja maji yaliyo jirani nayo mpaka peroksidi ikajitengeneza.

Habari ya shehena ya urani iliyopelekwa New York mwaka 1940, na bomu la atomiki lililofuata, imesimuliwa vya kutosha. Mgodi ulifungwa kuelekea uhuru wa 1960, mashimo yakazibwa kwa zege. Wachimbaji wadogo walirudi baadaye kutafuta kobalti. Amri ya rais ya Januari 2004 iliwakataza, na Julai mwaka huohuo ardhi ikaporomoka na kuua watu.

Ukiyapitia majina haya utakutana na maprofesa, wanajiolojia na wakuu wa kampuni: katieriti, ya 1945, ni ya Félicien Cattier, mwenyekiti wa Union Minière. Waliotoa mawe ardhini kwa mikono hawamo.

Kazi ya kuyasoma upya haijaisha. Wayatiti, iliyotangazwa 1959, ilichunguzwa tena mwaka 1999 na Burns na Finch, wakakuta ndani yake urani yenye hali ya oksidishaji ya +5, ambayo haikuwa imethibitishwa katika jiwe lolote la asili. Mwaka 2016 Shirikisho la Kimataifa la Wanamadini likakubali jiwe jingine lenye urani ya namna hiyo pamoja na risasi. Hilo limeitwa shinkolobweiti.