Kutoka Uvira Mpaka Makobola: Barabara Ikifungwa, Watu Wanageukia Ziwa

Kwetu huku Lemera mlimani, mtu akisema anashuka ziwani, safari yake ina sehemu mbili. Kwanza anashuka kwa moto au kwa miguu mpaka uwanda wa Rusizi. Huko anakamata gari kwenye barabara ya kitaifa namba 5, anapita Luberizi, Sange na Kiliba, na kufika Uvira. Mjini anatafuta moto au gari ingine inayoelekea kusini, anapita Kalundu penye bandari, kisha vijiji vya kando ya ziwa, mpaka Makobola, pale Teritware ya Uvira inapogusana na ya Fizi. Mwenye safari ndefu anaendelea Mboko na Baraka.

Uvira na Makobola haziko mbali. Lakini njia ni nyembamba: mkono wa kuume mlima, mkono wa kushoto maji. Hakuna barabara ya pili. Ukielewa jambo hilo moja, utaelewa sehemu kubwa ya historia yetu.

Zamani ziwa ndilo lilikuwa barabara

Kabla ya magari, watu wa pwani hii walisafiri kwa mitumbwi. Uvira ilikuwa kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Ujiji kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Mnamo Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi. Walipitia upande wa Ubwari, ambayo Burton aliita kisiwa, kumbe ni rasi ya Fizi. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wenyeji wa Uvira waliwaambia wazi: unaingia. Mwaka 1871 Stanley na Livingstone walikuja kujionea kwa macho, wakakuta wenyeji walisema kweli.

Wakati wa Wabelgiji, Kalundu ikawa bandari ya meli zilizokwenda Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Kutoka Kalundu walijenga pia reli iliyopita uwandani mpaka Kamanyola. Mizigo ilipanda treni hiyo, kisha magari yakaipandisha milima mpaka Bukavu. Reli ilifungwa kabla ya uhuru wa 1960. Tangu hapo kazi yote ya nchi kavu imebaki kwa kamyo, teksi na moto.

Vita ilipokata njia

Mei 1964 waasi wa Simba waliiteka Uvira. Barabara ya kusini ikawa ya askari. Mwaka uliofuata Che Guevara na Wakuba wake waliwafikia waasi wa Fizi kwa kuvuka ziwa kutoka Kigoma, na Novemba 1965 wakaondoka kwa njia hiyohiyo ya maji.

Kisha ikaja 1996. Tarehe 6 Oktoba hospitali yetu ya Lemera ilishambuliwa; wagonjwa na wauguzi waliuawa. Daktari Denis Mukwege alikuwa mganga mkuu wa hospitali hiyo. Kabla mwezi huo haujaisha, Uvira nayo ilikuwa imetekwa. Familia nyingi za Uvira na Fizi zilifuata pwani, zikapanda boti na mitumbwi, zikavuka mpaka Kigoma. Kambi ya Nyarugusu nchini Tanzania ilifunguliwa mwaka huohuo kuwapokea Wakongomani. Wako watoto waliozaliwa kule ambao leo wana watoto wao, na hawajaiona Makobola.

Makobola yenyewe ina kidonda chake. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999, mamia ya raia waliuawa hapo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, ile inayoitwa Mapping, imeandika mauaji hayo. Kwa hiyo abiria wanaposhuka Makobola kununua ndagala, wajue wanakanyaga udongo wa namna gani.

Na mwaka 2025 tumeona yaleyale. Februari M23 waliingia Bukavu, na maelfu wakavuka Rusizi kwenda Burundi, wengine wakiogelea au kushikilia vitu vinavyoelea. Desemba walifika Uvira, na watu wakakimbia tena.

Ziwa nalo linadai nafasi yake

Siyo bunduki peke yake inayokata njia. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua watu makumi na kubomoa nyumba nyingi. Miaka iliyofuata, hasa 2021 na 2024, Tanganyika lilipanda likaingia katika mitaa ya pwani, na Kalundu pia.

Maji ya ziwa hili yana mlango mmoja tu wa kutokea: mto Lukuga, kule Kalemie. Rusizi na mito ya milimani inaleta mengi kuliko Lukuga inavyoweza kutoa kwa haraka, kwa hiyo maji yakipanda yanakaa. Jambo hili si geni. Mwaka 1964, mwaka uleule wa vita, ziwa lilipanda pia, na wazee wa pwani wanakumbuka. Lakini wakati ule watu hawakuwa wengi hivi mchangani. Leo waliokimbia vita milimani wanajenga pale wanapopata nafasi, yaani karibu na maji.

Kwa nini tunayakumbuka haya

Barabara ya Makobola ikifungwa siku tatu, ndagala zinapanda bei mpaka soko la Lemera, na muhogo wa wakulima wetu unaozea uwandani. Kila barieri inaongeza kitu kwenye nauli. Mama mjamzito aliye kijijini kusini anangojea boti, na boti inangojea upepo utulie.

Kwa hiyo, ndugu mlioko katika makambi na katika familia zilizowapokea, tunawaomba jambo moja. Kaeni na wazee mngali nao. Waulizeni 1964 walipita wapi, 1996 walilala kijiji gani, nani aliwavusha, nani aliwapa chakula. Andikeni majina ya vijiji na mito. Siku ya kurudi, mtoto aliyezaliwa ng'ambo ataihitaji njia hiyo ili ajue ardhi ya babu yake inaanzia wapi.